Saa Niliyoilala

Mara mbili kwa mwaka, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele au nyuma, mama hunipigia simu nikamrekebishie saa ya gari lake. Vitufe vile vimemshinda, na mimi, ambaye kwa mambo mengi sina subira, hilo huwa naliitikia bila kunung'unika. Natoka Landover, hapa Maryland, ninakofanya kazi hadi Oxon Hill anakoishi siku hizi. Wiki iliyopita nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikabonyeza, namba zikarudi nyuma, naye amesimama nje kajifunga kitenge juu ya koti kwa ajili ya baridi. Akauliza kama nimemaliza. Nikamwambia tayari. Kisha tukaingia ndani kula, na habari ya saa hatukuitaja tena, kama ambavyo hatujaitaja tangu nilipokuwa na miaka tisa.

Kazini kwetu ghalani juma hilo zima watu huwa na la kusema. Msimamizi wetu hulalamika kwamba watoto wake wanaamka kabla ya jogoo na hawaambiliki. Dereva mmoja kutoka El Salvador huapa kwamba tumbo lake halijawahi kukubali saa ya serikali. Huyu anataka jioni ziwe ndefu, yule anataka mwanga wa asubuhi watoto wakingoja basi la shule. Kila mwaka wanaambiana kwamba mchezo huu utafutwa, na kila mwaka tunaurudia. Wakinigeukia mimi husema sijali. Nawadanganya. Ile Jumapili ya Novemba naichukia jinsi mtu anavyomchukia mtu, na ile ya Machi naichukia zaidi.

Nyinyi wa rika langu, mliolelewa na simu ya Jumapili, mtaniwia radhi nikianzia mbali kidogo.

Tulifika Adelphi, hukuhuku Maryland, mwezi wa nne, mimi na mama, tukitokea kambi ya wakimbizi Burundi. Waliotupokea walikuwa wametutayarishia chumba kimoja na sebule kwenye majengo ya kupanga karibu na University Boulevard. Ukipanda ngazi zetu ulikuwa unapita nchi tatu kwa pua: chini mikate ya mahindi inayochomwa juu ya chuma, katikati samaki mkavu wa Waafrika wa Magharibi, na juu kabisa sisi na maharage yetu. Kila kitu ndani kilikuwa cha watu wengine kabla ya kuwa chetu, sufuria, mapazia, kochi lenye alama ya kikombe. Pia saa ya ukutani, ya plastiki nyeupe, yenye namba kubwa nyeusi na mlio uliosikika hadi kitandani.

Baba hakuwa nasi. Alikuwa amevuka mpaka kurudi Uvira, kwetu Kongo, kumzika mama yake, siku zikapita, na majina yetu ya kusafiri Marekani yakaitwa yeye akiwa hayupo. Tukaambiwa tutangulie, faili lake litafuata. "Dosiye ya baba yako iko inakuja," mama alikuwa akisema, asubuhi akinisuka, jioni akikoroga ugali, kiasi kwamba nililiona lile faili kama mtu mzima aliyebeba mkoba na kukwama njiani mahali fulani. Mlangoni tulikwishatundika koti la baba. Nililichagua mimi kwenye marundo ya nguo za kugawa kanisani, koti kubwa la kahawia lenye mifuko minne, na nilimweleza baba kwenye simu mfuko mmoja baada ya mwingine.

Ni mama aliyegundua maajabu ya saa ile. Sisi wa kwetu saa tunaisoma kwa kuruka upande wa pili: asubuhi mshale ukiwa kwenye tisa, tunasema saa tatu. Shuleni walikuwa wakinifundisha kwamba mshale ukiwa kwenye tisa basi ni tisa, nami nikawa napinga hadi mwalimu akachoka. Jumapili moja mama alikuwa anaongea na baba, akamuuliza huko ni saa ngapi. Baba akajibu ni saa tisa mchana. Mama akainua macho ukutani. Kwetu Adelphi ilikuwa saa tatu asubuhi, lakini mshale ulikuwa umekaa juu ya tisa iliyoandikwa. Akashusha simu kifuani, akanionyesha kwa kidole.

"Unaona, mama?" akaniambia. Mimi alizoea kuniita mama, kama wanawake wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Weye usigeuze kitu. Soma tu namba yenye mushale uko juu yake. Hiyo ndiyo saa ya baba yako."

Nilijaribu siku nzima na haikukosea hata mara moja. Nikitoka kwenda shule mshale ulikuwa kwenye nane, na Uvira ilikuwa saa nane mchana, baba anatafuta kivuli. Saa yetu ya chakula ulikuwa juu kabisa kwenye kumi na mbili, na huko ilikuwa saa kumi na mbili jioni, baba anafunga mbuzi wa bibi. Nikirudi ulikuwa kwenye nne, baba amelala. Mtoto wa miaka tisa hahitaji maelezo ya jua na dunia. Niliamini kwamba Wamarekani, kwa sababu wanazozijua wenyewe, saa zao zote wamezipanga kufuata Uvira. Niliwaheshimu sana kwa hilo.

Baba hakuwa na simu. Alikuwa anatumia ya Pasta wao, baada ya ibada, saa tisa kamili, kwa sababu muda huo Pasta huwa nyumbani anakula. Kwa hiyo kila Jumapili mshale ukigusa tisa tulikuwa tumekwishakaa kwenye kochi, mama bado na sare yake ya kazi, mimi nimeshikilia mkono wake unaoshika simu. Mama alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Jumamosi alikuwa akiingia zamu ya usiku na kutoka asubuhi, anapanda mabasi mawili, anafika nyumbani saa mbili na nusu hivi, miguu imevimba. Na bado simu ikiita uso wake ulikuwa unafunguka.

Baba alikuwa anaanza na swali lilelile. "Furaha, umekula nini?" Nikimtajia chakula cha shule alikuwa anacheka hadi Pasta naye anacheka kwa nyuma. Alitaka kujua kama nimeota meno, kama nimemzidi mama kimo, kama koti lake bado lipo. Alikuwa anasema akija atatembea nalo hata ndani ya nyumba. Nilikuwa natoka kwenye kochi lile nimeshiba bila kula.

Usiku wa Jumamosi nilikuwa nalala kwa Aunty Njeri, jirani yetu wa mlango wa pili, muuguzi Mkenya asiye na mume wala mtoto na mwenye sauti ya kujaza ngazi. Ni yeye aliyetuletea habari ya saa. Ilikuwa Jumamosi jioni mwanzoni mwa Novemba, mama anajiandaa kwenda kazini.

"Mama Furaha, umebadilisha saa? Leo tunarudi nyuma one hour. Usipobadilisha kesho utakuwa lost kabisa."

Mama alidhani anataniwa. Katika nchi zote alizopita hakuwahi kusikia watu wazima wakikubaliana kuigusa saa. Lakini Njeri alikuwa na miaka mingi Maryland na kadi ya kazi yenye picha yake, basi mama akapanda kiti, akausukuma mshale nyuma kwa kidole, akashuka huku anatikisa kichwa. Mimi nilicheka. Nilidhani ni mambo ya siku moja, kama vile Wamarekani walivyovaa vinyago wiki iliyotangulia.

Asubuhi niliamka kwa Njeri wakati wangu wa kawaida. Alikuwa jikoni na gauni lake la kulalia, anapasha maziwa, furaha imemjaa.

"Rudi ulale, mtoto! Aki leo tumepewa saa moja ya bure. Enjoy."

Nikarudi. Sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule. Blanketi la Njeri lilikuwa zito na lilinuka mafuta ya nazi, dirisha lilikuwa na mwanga wa kijivu, na nililala saa ile moja yote bila kugeuka. Nilipoamka mama alikuwa amefika. Tukakaa kwenye kochi, mshale ukafika kwenye tisa, tukapiga.

Alipokea Pasta. Mama alikuwa ameweka sauti ya wazi, nikasikia kila neno. "Mama Furaha, mbona mmechelewa? Baba Furaha alingoja hapa tangu saa tisa, akachoka, akaenda. Sasa ni saa kumi huku."

Mama akatazama ukutani. Mimi nikatazama ukutani. Mshale ulikuwa kwenye tisa, umetulia, hauna wasiwasi na mtu. Ilikuwa mara ya kwanza saa ile kuninyima baba, na niliitazama jinsi unavyomtazama rafiki aliyekusengenya. Mama akacheka kidogo kwa aibu, akaomba radhi, akasema wiki ijayo hatutachelewa.

Mchana tulikwenda kanisani. Kanisa letu la Wakongomani lilikuwa linakodi ukumbi, na sisi kwa kawaida tunachelewa saa nzima. Nusu ya waumini hawakuwa wamebadilisha saa zao, basi siku ile kwa mara ya kwanza katika historia ya kanisa tulifika kwa wakati. Mhubiri aliona ni muujiza, akashukuru. Watu walicheka hadi machozi. Mimi peke yangu sikucheka, maana nilikuwa nafikiri.

Kesho yake shuleni mwalimu alituletea saa ya karatasi yenye mishale ya kusukuma. Akaeleza kwamba sote tumepewa saa moja ya ziada, tukalala nayo. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kukwaruza ile saa ilikuwa ya nani kabla ya kupewa sisi. Akatabasamu. Akasema ilikuwa ya kwetu tangu mwanzo. Hakujua anachonifanyia. Mimi nilijua ilikuwa ya nani. Baba alikuwa amesimama nyumbani kwa Pasta saa nzima anangoja, na saa hiyohiyo mimi nilikuwa chini ya blanketi la Njeri nimeilala. Nilikuwa nimeichukua kwa mikono yangu miwili, na nilikuwa nimeifurahia.

Hesabu ilikuwa rahisi, mtaniambia. Mngepiga simu saa mbili badala ya saa tatu, mambo yakaisha. Nami niliiona. Siku zile nilikuwa na akili kuliko nilivyokuwa na busara. Jumapili iliyofuata mama aliporudi kutoka kazini nilimkuta uso umebadilika, macho mekundu, nikadhani ni uchovu. Nikamwambia: tupige saa mbili. Akakaa kwenye kochi bila kuvua koti.

"Saa mbili mi niko mu bisi, mama," alisema. "Na mu bisi mtu haiwezi kuongea. Makelele. Watu wanakutazama. Nikifika hapa, kule ni karibu saa kumi, Pasta alisha toka, telefone anaenda nayo."

"Basi tutaongea lini?"

"Mwezi wa tatu wanarudisha saa. Njeri alisema. Mwezi wa tatu itakuwa kama mbele."

Nikamwamini. Alikuwa mama yangu na alikuwa anaongea pole pole, huku ananishika kichwa. Sikuona sababu ya mtu kudanganya kuhusu basi.

Ulikuja ule msimu ambao giza linaingia watoto wakiwa bado hawajamaliza kazi ya shule. Sikuwahi kuona jua likiondoka mapema namna ile, na kila jioni nilijua kwa nini: kuna mahali tulichota kisichokuwa chetu. Jumapili sikulala tena. Nilikuwa naamka kwa Njeri kabla ya mtu yeyote, nakaa kwenye sofa lake nimevaa na viatu, mikono mapajani. Nilidhani nikikusanya asubuhi za kutosha za kutolala, ile saa itaonekana haijapotea. Njeri alinikuta hivyo mara nyingi.

"Wewe, kwani kulala kunakuuma?" alikuwa ananiuliza. "Mtoto mdogo unaamka kama watchman."

Sikumwambia. Sikumwambia na mama, maana yeye ndiye aliyenyimwa mume kwa sababu ya usingizi wangu, na nilikuwa naona jinsi anavyoumia. Alianza kula kidogo. Alianza kurudi Jumapili na macho yale mekundu, anaingia moja kwa moja bafuni, anafungulia maji muda mrefu. Siku moja nilimkuta amelitoa koti la kahawia kwenye msumari na kulikunja. Akasema linashika vumbi. Nikamsaidia kulitia kwenye mfuko, na niliomba msamaha moyoni kwa kila mfuko wa koti lile.

Wengine walipokuwa wanaingoja Krismasi mimi nilikuwa naingoja Machi. Niliwasikia pale kantini ya shule walimu wakilalamika kwamba karibu tutapoteza saa ya kulala, nikawashangaa. Walikuwa wamelala na ya mtu miezi minne, na kuirudisha wanaona uchungu! Mimi nilikuwa tayari. Jumamosi yenyewe, kabla mama hajaenda kazini, nilipanda kiti mwenyewe na kuusukuma mshale mbele. Mama alisimama mlangoni na mkoba wake, akanitazama.

"Kesho saa tisa ya baba," nikamwambia.

"Tutaona," akasema, akatoka.

Usingizi ulinikataa, lakini kulipopambazuka niliamka mwepesi. Njeri alikuwa ananung'unika jikoni kwamba wazungu wamemwibia saa yake na kichwa kinamgonga. Mimi nilioga, nikavaa gauni la kanisani, nikarudi kwetu kumngoja mama. Alifika karibu saa tatu, mshale umebakiza dakika kumi kugusa tisa. Alikuwa amekasirika au ameogopa, sikuweza kutofautisha. Akajaza maji ya moto kwenye beseni, akatia chumvi, akaingiza miguu.

"Mama, simu."

"Leo niko nachoka sana."

"Mshale unafika kwenye tisa!"

"Furaha. Leo hapana. Siku ya Mungu ingine." Ndivyo tunavyoiita Jumapili kwetu.

Kuna hasira ya mtoto ambayo watu wazima huiita utundu. Nilikuwa nimengoja miezi minne. Nilikuwa nimekaa kwenye sofa la watu na viatu vyangu kila Jumapili katika baridi ile, na huyu mwanamke amechoka. Namba ya Pasta niliijua kwa kichwa. Nikasema naenda kuchukua daftari langu kwa Njeri.

"Aunty, naomba simu nimpigie baba. Saa zimerudi."

Njeri alinitazama kidogo. "Mamako amesema sawa?"

"Ndiyo."

Akanipa. Ikaita mara mbili. Pasta akapokea, nikamsikia anasema kwa mtu wa pembeni, "Ni namba ya Marekani, chukua, yeye huyo." Nikasikia kiti kinasogezwa. Baba alikuwepo. Alikuwa amekaa palepale, saa tisa kamili, kama nilivyojua, na moyo wangu ulipaa.

"Mama Furaha," akasema kabla sijafungua kinywa. Sauti ilikuwa ya baba lakini haikuwa na kicheko. "Pasta anasema ulisha kupiga saa nane. Sasa unapiga tena. Utanitesa mpaka lini? Nilikuambia mu mwezi wa kumi na moja, nakuambia na leo: mi sitakuya huko. Nilisha kuoa hapa, na mwanamke iko na mimba. Kila siku ya Mungu unanililia mu telefone, kila siku ya Mungu mi nakuambia jambo moja."

"Baba," nikasema. "Ni mimi."

Nilisikia kuku wa Pasta. Nilisikia mtu anaweka sahani.

"Mama yako iko wapi?" akauliza hatimaye.

"Nyumbani. Baba, ni saa ngapi huko?"

"Saa tisa."

Nikangoja aniulize nimekula nini. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitayarisha tangu Novemba, lenye pai ya maboga ndani yake.

"Basi, umusalimie," akasema, na simu ikakatika.

Njeri aliniuliza kama daddy ako sawa. Nikamjibu ako sawa, nikamrudishia simu yake na kumshukuru kwa adabu zote nilizofundishwa. Kati ya mlango wake na wetu kulikuwa na hatua saba, na kwenye hatua hizo nilipiga hesabu. Baba alisema mama alipiga saa nane. Saa nane ya Uvira, siku ile mshale uliporudi mahali pake, ilikuwa mshale kwenye nane kwetu, saa mbili asubuhi. Saa mbili asubuhi mama yuko kwenye basi. Alikuwa amepiga kwa mazoea, kama Jumapili zote, amesahau kwamba dunia imebadilika tena na baba bado hajafika kwa Pasta. Saa ndiyo iliyomwumbua.

Alikuwa bado kwenye beseni. Mvuke ulikuwa umeisha.

"Mu bisi mtu anaweza kuongea," nikamwambia.

Akanitazama. Nadhani alijua mara moja, lakini alijaribu. "Unasema nini?"

"Unampigia kila Jumapili. Makelele hakuna. Hakuna mtu anakutazama. Unampigia saa mbili, unaongea naye, halafu unakuja hapa unaniambia mwezi wa tatu."

"Nani amekuambia?"

"Baba."

Mama akafunika uso kwa mikono. Nilimwacha. Leo nikimkumbuka vile, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miguu kwenye maji yaliyopoa, sare ina madoa ya uji wa wazee wa watu, namhurumia. Siku ile sikumhurumia hata kidogo, na nisingependa kujisingizia huruma ambayo sikuwa nayo. Baba aliniacha mara moja, na akaiacha njia nzima ya kutoka Uvira hadi Adelphi katikati yetu. Mama alinidanganya kila Jumapili akiwa kwenye kochi moja nami, magoti yetu yanagusana.

"Pardon, mama," akasema kutoka nyuma ya mikono. "Nilisema atageuza roho. Nilisema nitamubembeleza pole pole, Pasta atanisaidia, atageuza roho, na weye hutajua hata kitu. Utaona tu baba amefika. Ni hivyo tu nilitaka."

"Mimi nilidhani ni mimi."

"Weye namna gani?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, maneno yakigongana: blanketi la Njeri, saa ya bure, saa ya karatasi ya mwalimu, baba anangoja na mimi nimelala, na kwamba ndiyo maana silali tena Jumapili, kwa sababu ile saa nilimlalia mimi. Alinifanya nirudie. Mara ya pili alielewa, nikaona anavyoelewa, taratibu, kutoka machoni kwenda chini. Akasimama ndani ya beseni. Maji yakamwagika pande zote hadi chini ya kochi.

"Tangu mwezi wa kumi na moja?" akasema. "Furaha, tangu siku ile? Weye mutoto, mbona hukuniambia?"

"Mbona wewe hukuniambia?"

Saa yote ile niliyoilia ilikuwa haijapotea. Ilikuwa ndani ya basi na mama, kila Jumapili, na sauti ya baba ndani yake, na yeye aliitumia yote peke yake. Hilo ndilo ambalo hadi leo linanirudia ninapobonyeza vitufe vya gari lake.

Lilikuwa limebaki swali moja. Nililiuliza nikiwa nimesimama mbali naye, nimejishikilia gauni la kanisani.

"Siku hizo zote ukiongea naye, aliniulizia?"

Mama alinitazama. Miezi minne alikuwa amenidanganya kila Jumapili kwa sauti ya pole pole, ananishika kichwa, na uongo wake wote niliumeza. Huo mmoja tu ndio nilioutaka. Nilisimama pale nimeungoja, ningeuamini bila kuuliza swali.

"Hapana, mama," akasema. "Hakuuliza."